Kuunganisha dansi la zamani na amapiano kwenye kompyuta

Amapiano hutengenezwa kwa kompyuta, mara nyingi kwa BPM (mapigo kwa dakika) 110 hadi 115, na mwendo wake hauyumbi. Dansi la zamani lilirekodiwa bendi ikipiga laivu, mwendo ukipanda na kushuka. Ukibonyeza Sync, kitufe cha kulinganisha mwendo wa nyimbo mbili, programu ya DJ kama Serato au rekordbox inaweza kufuata gridi (alama za mapigo ilizoweka kwenye wimbo) isiyolingana na dramu, na midundo itagongana.

Kwa hiyo zima Sync. Tafuta mwishoni mwa wimbo wa dansi sehemu isiyo na mwimbaji, anza lupu (kipande kinachojirudia) ya mapigo 4 kwenye pigo la kwanza, isikilize kwenye hedifoni. Ikijikwaa inaporudi, sogeza mwisho wake kidogo kidogo kwa mkono; usiifungulie spika kabla haijakaa. Kisha linganisha mwendo kwa pichi, kidhibiti cha kasi ya wimbo. Kata besi ya dansi kabla ya kufungua ya amapiano, maana besi mbili pamoja huvuruga sauti yote.