SOMO: Kuanzisha masomo ya kazini kati ya chuo na mwajiri (soma lote kabla ya kuuliza)

Wadau, swali ni lile lile kila wiki inboksi: "Chuo chetu kinataka kushirikiana na waajiri ili wafanyakazi wasome bila kuacha kazi. Tuanzie wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naweka hapa yote, na atakayeuliza kilichokwisha andikwa nitamrudisha huku juu.

Tuelewane kwanza. Siongelei mafunzo kwa vitendo ya wiki chache, ambayo mwanafunzi anaishia kupanga mafaili na kutumwa fotokopi. Naongelea mfanyakazi anayesoma stashahada au shahada huku kazi yake yenyewe ikiwa sehemu ya masomo. Na si jambo geni. Mwaka 1906, Herman Schneider wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, aliwapanga wanafunzi wa uhandisi wapokezane: wiki hii darasani, wiki inayofuata kiwandani, na wakati huo mwingine anashika nafasi. Kiwanda hakikosi mtu, darasa halikosi mwanafunzi. Alianza na ratiba, na hadi leo ratiba ndiyo inayoua mipango hii.

Hatua ya 1. Usiende kwa mwajiri na orodha ya kozi. Nenda ukamuulize ni kazi gani anakosa watu wa kuifanya vizuri.

Hatua ya 2. Kila upande uwe na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema ndiyo. Kamati zije baadaye.

Hatua ya 3. Chagueni mpangilio. Kule Baden-Württemberg, Ujerumani, mfumo ulioanza mwaka 1974 unapishanisha takriban miezi mitatu chuoni na miezi mitatu kazini, na mwanafunzi ana mkataba na mshahara muda wote. Unafaa kwa vijana wanaoanza kazi. Kwa mtu mwenye cheo na familia, siku moja kwa wiki au masomo ya mtandaoni yenye vikao vichache vya ana kwa ana ndiyo yanayowezekana. Msichanganye mipangilio yote kwenye kundi moja.

Hatua ya 4. SAA ZA KUJIFUNZA. Hapa ndipo pamenitoa jasho, kwa hiyo soma taratibu.

Kila mtu anapenda neno "unyumbufu", yaani kusoma kwa muda unaokufaa. Chuo kinaliweka kwenye tangazo, mwajiri analiweka kwenye hotuba. Ukiuliza kitabu kitafunguliwa saa ngapi, kimya. Matokeo yake mfanyakazi anasoma saa tano usiku, na mwezi wa tatu anaanza kupotea. Sasa piga hesabu. Kwa mfumo wa krediti wa Ulaya, krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kujifunza. Moduli (somo moja ndani ya programu) ya krediti 10 ni saa 250 hadi 300. Mwajiri akitoa saa 6 kwa wiki, hiyo ni wiki 42 hadi 50 kwa moduli MOJA. Chuo kinachoahidi moduli tatu kwa muhula kwa saa hizo kinadanganya, au kinategemea usingizi wa mtu.

Njia ya kutoka ni moja: sehemu ya kazi yenyewe ihesabiwe kuwa masomo. Lakini si kazi yoyote. Fundi akibadilisha beringi ileile kila siku, hiyo ni kazi. Akipewa jukumu la kuchunguza kwa nini beringi hiyo inakufa mapema, akapima mtetemo, akaandika alichokiona na akatetea pendekezo lake, hayo ni masomo, na saa zake zihesabiwe. Kaeni mezani, chukueni kila lengo la moduli, muulizane ni kazi gani halisi italitimiza. Lisilo na kazi inayolingana lifundishwe na chuo.

Saa ambazo mwajiri anamwachia mfanyakazi asome ziandikwe kwenye mkataba hivi, au karibu na hivi: "Mwajiri atamwachia mwanafunzi saa 6 kila wiki ndani ya saa za kazi zinazolipwa. Saa hizo zitaonekana kwenye ratiba ya zamu. Zikichukuliwa kwa dharura, zitarudishwa ndani ya siku 14."

TAHADHARI: ukiona "kadiri muda utakavyoruhusu", usisaini. Muda hauruhusu kamwe.
TAHADHARI: ratiba ya zamu ifike chuoni KABLA ratiba ya muhula haijapangwa. Aliyetoka zamu ya usiku hawezi kuingia kipindi cha saa tatu asubuhi.
TAHADHARI: meneja wa idara ajue kifungu hicho. Mkurugenzi anasaini, lakini anayepanga zamu ni meneja.

Uingereza, kwa wanagenzi (wanaojifunza ufundi wakiwa wameajiriwa), walilifikisha hili kwenye kanuni. Kwanza ilikuwa asilimia 20 ya saa za kazi, na mwaka 2022 kikawekwa kiwango cha chini cha saa 6 kwa wiki kwa mwenye ajira kamili. Hawakuacha kwa hiari ya bosi. Wana sababu.

Hatua ya 5. Msimamizi wa kazini awe mtu mwenye jina, apunguziwe majukumu, na ikiwezekana asiwe yule anayempima mfanyakazi mwisho wa mwaka. Mtu hamwelezi asichokijua yule anayeshika kalamu ya kumpandisha cheo.

Hatua ya 6. Mwajiri anathibitisha kuwa kazi imefanyika. Alama inatolewa na chuo. Usilegeze hapa.

Hatua ya 7. Wenye uzoefu wapimwe kabla ya kuanza, wasamehewe wanachokijua tayari.

Hatua ya 8. Anzeni na kundi dogo. Picha za kusaini mnaweza kupiga.

MASWALI YA WANACHAMA

Mtarajiwa_01: Mkuu naomba sampuli ya mkataba, nina haraka.
Mwandishi: Hatua ya 4. Kifungu chenye kazi kipo pale. Mengine mwanasheria wa chuo anayo.

Kitasa: Kwa hiyo saa za kusoma zinalipwa au hazilipwi?
Mwandishi: "Ndani ya saa za kazi zinazolipwa." Nimenukuu maneno yangu mwenyewe.

BiUtumishi: Asante kwa somo. Mimi niko upande wa mwajiri. Wafanyakazi wetu wanashika taarifa za wateja. Watawezaje kuandika ripoti ya chuo kuhusu kazi halisi bila kutoa siri?
Mwandishi: Dada, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Kwanza, ripoti ifute majina na ibadilishe takwimu ziwe uwiano: badala ya mauzo halisi, mwezi wa kwanza uwe 100 na mingine ilinganishwe nao. Msahihishaji anapima namna ya kufikiri, hahitaji akaunti ya mteja. Pili, kazi nyeti isiandikwe kabisa. Mhadhiri aje kazini, akiwa amesaini kiapo cha siri, amhoji mwanafunzi mbele ya kazi yenyewe kisha atoe alama. Tatu, na hili husahauliwa: andikeni kwamba ripoti hizo haziingii kwenye hazina ya maktaba ya chuo. Bila hivyo mkutubi atazipandisha mtandaoni kwa nia njema kabisa.
BiUtumishi: La tatu hata mwanasheria wetu hakuliwaza. Ubarikiwe.

Mhadhiri_Mkongwe: Haya ndiyo yanayogeuza chuo kikuu kuwa tawi la kampuni. Nadharia itafundishwa na nani?
Mwandishi: Mwalimu, kwa heshima zote, hatua ya 6 umeisoma? Mtaala unapita seneti ya chuo, alama inatoka chuoni. Na lengo lisilo na kazi inayolingana nalo linafundishwa na wewe. Nimeliandika.
Mhadhiri_Mkongwe: Nimeisoma. Hofu yangu ni mwajiri mkubwa atakayesema "ondoeni moduli hii la sivyo tunaondoka".
Mwandishi: Hiyo hofu ni ya haki. Dawa yake ni kutotegemea mwajiri mmoja. Programu ikiwa na waajiri watatu au wanne wa sekta moja, hakuna anayeweza kuiteka. Ubaya wake ni kwamba washindani hawapendi kukaa darasa moja, kwa hiyo mada za kujadili wazi zichaguliwe kwa uangalifu.

Zamu_ya_Usiku: Mimi ni mwanafunzi kwenye mpango wa aina hii. Mwajiri ananitaka nisaini kwamba nikimaliza nitafanya kazi kwake miaka miwili, la sivyo nirudishe ada yote. Ni sawa?
Mwandishi: Ndugu, ni kawaida, ila "yote" ikatae. Omba deni lipungue kila mwezi unaofanya kazi baada ya kuhitimu, ukifika nusu ya muda liwe nusu. Uliza pia: wakikupunguza kazini wao wenyewe, deni linakufa? Liandikwe.

Msasa: Kwa wenzangu wa zamu: yale maelezo ya kila wiki ya "nimejifunza nini" msiyaandike Jumapili usiku. Jirekodi sauti dakika mbili ukimaliza zamu, Jumapili unasikiliza na kuandika.
Zamu_ya_Usiku: Mimi napiga na picha ya kifaa nilichotengeneza, kabla na baada.
Mwandishi: Nzuri zote mbili. Picha, omba ruhusa kwanza, na angalia ubao wa nyuma yako usiwe na namba za wateja.

Mtarajiwa_01: Mkuu, mwanasheria amesema hana sampuli.
Mwandishi: Basi mpelekee kifungu cha saa, mwambie ajenge mengine kukizunguka: nani analipa ada, mtu akiacha kazi katikati anamalizaje, na nani anamiliki alichokibuni mwanafunzi akiwa kazini. Hilo la mwisho lijadilini mapema, kabla hakijabuniwa kitu.