Baiolojia ya mwaka wa kwanza Marekani: alama zinahesabiwa tangu wiki ya kwanza

Tanzania, ukipata 75 kwenye mtihani wa Baiolojia wa kidato cha nne, hiyo ni A. Mama anampigia simu shangazi, na kabla ya magharibi mtaa mzima umeshajua. Hapa Marekani 75 hiyohiyo ni C, na kwenye programu nyingi za uuguzi C ndiyo alama ya chini kabisa inayokubalika. Naanza na hili kwa sababu ndugu zetu wengi wanaoanguka kwenye darasa la kwanza la Baiolojia chuoni hawaangushwi na Baiolojia yenyewe. Seli wanaijua, usanisinuru wanaujua, Mendel na njegere zake wanamjua. Kinachowaangusha ni hesabu ya alama, na wanapokuja kuishtukia muhula umeshafika katikati.

Mimi nilisoma somo hili kwenye chuo cha miaka miwili, vile wanavyoviita komyuniti koleji, huku nikifanya kazi zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningefurahi kama dada au kaka mmoja aliyenitangulia angenikalisha chini akaniambia kabla sijalipa ada.

Siku ya kwanza mwalimu atawapa silabasi. Usidhani ni kama ile ya wizara kule nyumbani, orodha ya mada basi. Huku silabasi ni mkataba. Inasema kila kazi ina asilimia ngapi, ukichelewesha unakatwa kiasi gani, unaruhusiwa kukosa maabara ngapi, na mitihani yote iko tarehe zipi mpaka ule wa mwisho. Ukienda kulalamika mwezi wa pili kwamba umekatwa alama, utajibiwa kwa upole kabisa kuwa jambo hilo liko kwenye silabasi, na hapo mazungumzo yamekwisha. Isome yote jioni ileile, na tarehe zote uziingize kwenye simu.

Sasa twende kwenye hesabu. Tuseme mitihani yote, pamoja na wa mwisho, ina asilimia 60, maabara ina 25, kwizi na kazi za nyumbani zina 15. Wako wanafunzi wawili. Wa kwanza ana kichwa chepesi, kwenye mitihani wastani wake ni 80. Lakini maabara amefanya nusu tu, na kwizi anazifanya akizikumbuka, anaambulia 40 kwa 100. Mitihani inampa 48, maabara 12.5, kwizi 6. Jumla 66.5, na hiyo ni D. Wa pili kwenye mitihani wastani wake ni 70, ila maabara hakosi, ana 92, na kwizi zake ni 90. Anapata 42, na 23, na 13.5. Jumla 78.5, amepita na C yake nzuri. Yule aliyemshinda mwenzake kwenye mitihani ndiye anayelipa ada upya na kurudia somo.

Sisi tumelelewa na mtihani wa taifa. Uzito wote ulikuwa mwisho wa safari, na mtu aliyeamka miezi miwili ya mwisho akapiga msuli usiku na mchana alikuwa na nafasi yake. Hapa hakuna miezi miwili ya mwisho. Kwizi ya alama 10 inayofungwa Jumapili saa sita kasoro dakika moja usiku imefungwa kweli, na muhula mzima umejengwa kwa vitu vidogo namna hiyo.

Kabla ya kujisajili, angalia unajisajili darasa lipi. Baiolojia za kuanzia huwa zaidi ya moja: kuna ya wale wanaokwenda kwenye udaktari, famasia au kazi za maabara, na kuna ya watu wa biashara na sanaa wanaotimiza tu sharti la kusoma sayansi moja. Majina yanakaribiana sana. Rafiki yangu kutoka Bujumbura alimaliza hiyo ya pili na A mkononi, kisha programu aliyoilenga ikamwambia haitambui somo hilo. Muhula mzima ulipotea. Iandikie programu unayoitaka, uliza namba kamili ya somo wanalolipokea, na jibu lao ulitunze. Wa uuguzi, jueni kwamba mara nyingi baada ya hapa kuna Anatomia na Fiziolojia, na kuna Maikrobaiolojia, kwa hiyo msingi mbovu utakudai baadaye.

Somo hili pamoja na maabara yake kwa kawaida ni krediti 4. Maana yake takriban saa tatu za darasani na saa tatu za maabara kila wiki, na kanuni ya vyuo hapa ni kwamba kila saa ya darasani ina saa mbili za kusoma peke yako, angalau. Jumla ni saa 12 kwa wiki kwa somo moja. Nawasihi ndugu zangu mnaobeba boksi saa 40 au 50: msichukue Baiolojia na Kemia muhula mmoja mkidhani mtajibana. Nimewaona waliojaribu. Wanasinzia maabara, na maabara si mahali pa kusinzia.

Kitabu kisikutishe kwa bei. Chuo Kikuu cha Rice cha Houston kina mradi unaoitwa OpenStax, na kitabu chao cha Biology 2e kinapakuliwa bure kabisa, mada zote za mwaka wa kwanza zimo. Muulize mwalimu kama anakikubali. Tahadhari iko kwenye kazi za nyumbani za mtandaoni: baadhi ya walimu wanataka namba ya siri ya kuingilia, inayouzwa pamoja na kitabu kipya, na ukinunua kitabu kilichotumika unakuta imeshatumika. Subiri siku ya kwanza ipite ndipo ununue chochote.

Mitihani mingi ni ya kuchagua jibu, na hapa ndipo wanaokariri wanapopata mshangao. Chukua osmosisi. Nyumbani tuliulizwa osmosisi ni nini, tukaandika maana yake neno kwa neno kama ilivyokuwa kwenye daftari. Kwenye mtihani wangu wa kwanza neno osmosisi halikuwemo kabisa kwenye swali. Swali lilikuwa la mgonjwa aliyetundikiwa kwa makosa maji matupu yasiyo na chumvi badala ya dripu: chembe zake nyekundu za damu zitafanya nini? Nilikaa nikilitazama. Maana ya osmosisi niliijua kwa moyo, lakini sikuwa nimewahi kuitumia. Kilichoniokoa ni kachumbari. Ukikata vitunguu ukavitia chumvi, baada ya muda mfupi bakuli limejaa maji na vitunguu vimelegea, kwa sababu maji yanatoka ndani ya kitunguu kufuata upande wenye chumvi nyingi. Basi geuza: nje hakuna chumvi, ndani ya chembe ipo, maji yataingia ndani mpaka chembe ipasuke. Nikatia alama jibu hilo na lilikuwa sahihi.

Tangu siku hiyo nikabadili namna ya kusoma. Kila ukurasa nilijiuliza: hiki kikizidi itakuwaje, kikipungua itakuwaje, kikiharibika nani ataumia? Wale mliosoma kwa Kifaransa, Kongo, Rwanda na Burundi, msiogope msamiati. Maneno ya sayansi ya Kifaransa na Kiingereza yana mizizi ileile ya Kilatini na Kigiriki, mnatofautiana matamshi tu. Kwa upande huo mna akiba kuliko mnavyodhani.

Maabara ndiyo niliyoiogopa kuliko yote, na ndiyo niliyokuja kuipenda. Shuleni kwetu hadubini ilikuwa moja kwa darasa zima, mwalimu anaiweka sawa, sisi tunapita kwa foleni, kila mtu sekunde zake chache. Huku kila wanafunzi wawili wana yao, na mwalimu anachukulia kwamba mnajua kuitumia. Kanuni ni moja: anza daima na lenzi ndogo, ile inayokuza mara 4, uipate picha, kisha 10, kisha 40. Lenzi ya jicho inakuza mara 10, kwa hiyo kwenye 40 unaona kitu mara 400. Ukifika 40 usiguse kile kirungu kikubwa cha kupandisha na kushusha meza, tumia kile kirungu kidogo peke yake, la sivyo utasikia kioo cha slaidi kikivunjika.

Kitu kingine ni mikropipeti, kifaa cha kunyonya vitone vidogo sana vya kimiminika. Kitufe chake cha juu kina vituo viwili, na hakuna atakayekueleza taratibu kwa sababu wengi waliisoma sekondari. Bonyeza mpaka kituo cha kwanza ukiwa bado nje ya kimiminika. Zamisha ncha kidogo. Achia kidole polepole, kimiminika kipande. Hamia kwenye chombo kingine, bonyeza mpaka kituo cha kwanza, kisha sukuma mpaka cha pili ili tone la mwisho litoke. Anayeanza kwa kubonyeza mpaka cha pili ananyonya zaidi ya kipimo, na jaribio zima linaharibika bila kujua kosa limetokea wapi. Nilimwomba mwalimu anipe maji yenye rangi nikabaki dakika 20 baada ya kipindi nikijifunza mkono. Alifurahi kuombwa.

Mavazi: viatu vya kufunika vidole, siku zote. Ukija na kandambili utarudishwa nyumbani na alama za siku hiyo zimekwenda. Dada zangu wa hijabu na baibui, chomekeni ncha za mtandio ndani na mikono ikunjwe, hasa siku mnazotumia moto maabara. Kama darasa lenu litapasua mnyama na huyo mnyama ni nguruwe, na dini yako inakukwaza, zungumza na mwalimu wiki ya kwanza. Ukiwahi, kunakuwa na nafasi ya kupanga njia nyingine. Ukisema asubuhi ileile, hakuna.

Ripoti ya maabara ina utangulizi, mbinu, matokeo na majadiliano, na kila sehemu ina alama zake. Usiandike kwamba nadharia tete yako, yaani dhana uliyokuwa unaijaribu, “imethibitishwa”. Andika kwamba data zinaiunga mkono, au haziiungi. Na usirekebishe namba. Tulipopima vipande vya viazi kwenye maji ya chumvi, vyote vilipungua uzito isipokuwa kimoja, kikaongezeka. Mkono wangu ulitaka kukifuta, maana tulikotoka tulijua jibu linalotakiwa na tulilitafuta mpaka lipatikane. Nikakiacha, nikaeleza kwenye majadiliano kwamba labda hatukukikausha vizuri kabla ya kukipima. Sehemu hiyo nilipata alama zote.

Kuna jambo moja linalouma. Nyumbani kumpa mwenzako daftari anakili ni utu. Huku ni kosa la kinidhamu. Mimi na mwenzangu wa meza tulitumia namba zilezile, jambo linaloruhusiwa, lakini alichukua na aya zangu mbili za majadiliano nami nikamkubalia. Wote wawili tulipewa sifuri, mimi pia niliyetoa. Jadilianeni mpaka koo likauke, kisha kila mtu aende kwake akaandike kwa maneno yake. Na kuhusu programu za akili unde, soma silabasi inasemaje. Ikiwa kimya, uliza kabla hujatumia.

Kila mwalimu ana saa za ofisi, muda aliojitengea kwa ajili ya wanafunzi. Sisi tunaona kumfuata mwalimu ni kumsumbua, au ni kukiri ujinga, kwa hiyo hatuendi. Nenda, na uende na swali mahususi. Mimi nilikwenda na la selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Kitabu kilieleza kwamba ugonjwa huo unatokana na badiliko dogo sana kwenye himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu: kwenye mnyororo wa amino asidi zake, glutamiki imetoka na valini imeingia mahali pa sita. Kisha kikamtaja Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliyeonyesha mwaka 1954 kwamba anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu anapata kinga fulani dhidi ya malaria. Nimekulia kwenye familia yenye mtoto wa selimundu. Nilimuuliza mwalimu kwa nini basi jeni inayoua watoto haijapotea, na kwa nusu saa akanichorea: mwenye jeni mbili za kawaida anauawa na malaria, mwenye mbili mbovu anauawa na selimundu, mwenye moja na moja anaishi na kuzaa, na jeni inabaki. Mada ya mageuzi ya viumbe, ambayo wengi wetu, Wakristo na Waislamu, tunaiingia kwa wasiwasi, kwangu ilianzia hapo. Mtihani unapima kama umeelewa hoja. Imani yako haiulizwi.

Mwisho, suala la kuacha somo. Ukiacha siku za mwanzo kabisa, halibaki kwenye rekodi. Baadaye unaandikiwa W, yaani umejitoa, ambayo haishushi GPA, wastani wa alama zako zote, lakini kwenye msaada wa fedha wa serikali inahesabika kama somo uliloanza usilimalize. Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, asiache lolote bila kupita ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, kwa sababu ukishuka chini ya krediti 12 bila idhini yao, hadhi yako ya uhamiaji imeingia hatarini.

Kabla ya kuamua, chukua kalamu. Tuseme alama 50 zimeshagawiwa na wewe una 30. Ili ufike 70, yaani C, unahitaji 40 kati ya 50 zilizobaki, yaani 80 kwa 100 kwenye kila kitu. Kama maabara zako ni 90 na mtihani wa pili umepanda kuliko wa kwanza, baki, omba mwalimu wa ziada kwenye kituo cha msaada wa masomo. Vyuo vingi vinacho na ni bure. Lakini kama una 22 na unahitaji 48 kati ya 50, angalia tarehe ya mwisho ya W kwenye kalenda ya chuo, na uwe mlangoni pa ofisi kabla haijapita.