Injini ya Ndege ya Mfano Iliyopoteza Mgandamizo: Tafuta Upepo Unakotokea Kabla ya Kulaumu Pistoni

Ukiishika propela ya injini ndogo ya ndege ya mfano na kuizungusha taratibu kwa mkono, pistoni inapokaribia kilele cha silinda unapaswa kukutana na ukinzani unaoongezeka, na ukiiachia hapo propela hurudi nyuma kidogo kana kwamba imegonga springi. Propela ikipita mahali hapo kwa ulaini uleule wa sehemu nyingine za mzunguko, basi mgandamizo, au kompresheni kama waisemavyo mafundi wa gereji, umepungua. Wengi wakifika hapo huilaumu pistoni moja kwa moja, wakaagiza pistoni na slivu (bomba la ndani ya silinda ambamo pistoni hucheza) kwa bei inayokaribia ile ya injini nzima, ilhali upepo ulikuwa ukipenya kwenye plagi. Mwongozo huu unahusu zaidi injini za mipigo miwili zinazotumia methanoli, ingawa nitagusa pia za mipigo minne na za dizeli.

Injini hizi huathirika haraka kwa sababu hazina cheche ya kuwasha mafuta. Plagi yake ina koili ya waya wenye platini ambayo hupashwa moto kwa betri ya volti 1.5 hivi wakati wa kuanzisha. Betri ikishaondolewa, waya huendelea kuwa mwekundu kwa joto la mwako uliopita na kwa mmenyuko unaotokea platini inapokutana na mvuke wa methanoli. Mgandamizo ndio unaosaidia kuamua mchanganyiko uwake wakati gani. Ukishuka, mwako huchelewa, injini hukataa kutulia kwenye mwendo wa chini, na mara nyingi huzima dakika ileile unapoondoa betri.

Kabla ya kupima chochote, ondoa klipu ya betri kwenye plagi na umwage mafuta yote yaliyomo kwenye tangi. Methanoli ni sumu, hupenya hata kwenye ngozi, na moto wake hauonekani vizuri mchana wa jua. Injini yenye joto na mabaki ya mafuta inaweza kuruka na kuwaka hata bila betri, kwa hiyo acha ipoe kabisa kabla vidole havijaikaribia propela.

Jua kwanza una injini ya aina gani

Hisia ya mkono hudanganya usipojua kilichomo ndani. Injini nyingi za kisasa zina pistoni ya alumini isiyo na ringi, inayocheza ndani ya slivu ya shaba nyeupe iliyopakwa kromu au nikeli. Slivu hiyo huchongwa ikiwa imebana kidogo kuelekea juu, kwa sababu sehemu ya juu ndiyo inayopata joto kali zaidi na kutanuka zaidi. Injini ya namna hii ikiwa mpya na baridi hukwama karibu na kilele, wakati mwingine kwa mlio mdogo wa kukwaruza, na mgeni hudhani imeharibika. Usiilazimishe ikiwa baridi, kwani konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na kranki, ndiyo inayoumia. Ipashe kwanza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka kichwa cha silinda kiwe cha moto kiasi, ndipo uizungushe. Injini ya aina hiyo ambayo imepoa kabisa na bado haibani hata kidogo kileleni imekwisha kulika, au iko karibu.

Injini ya ringi ni tofauti. Haibani popote, na ikikaa kavu kwa miezi kadhaa mgandamizo wake huonekana hafifu hata kama ni nzima, kwa kuwa ringi huhitaji utando wa mafuta ili izibe. Zipo pia za zamani zenye pistoni ya chuma cha kusubu ndani ya slivu ya chuma, ambazo zikitunzwa hudumu miaka mingi ajabu na huzunguka kwa ulaini unaoweza kukupotosha ukadhani zimechoka.

Jaribio la matone ya mafuta

Izungushe propela kwa mwelekeo wake wa kawaida, yaani kinyume cha mwendo wa saa ukiitazama injini kutoka mbele, mpaka uhisi pistoni inaanza kushindilia. Ishikilie hapo bila kuipitisha, kisha sikiliza na uhesabu sekunde ambazo ukinzani unadumu mkononi. Injini nzuri ya pistoni isiyo na ringi hushikilia kwa muda unaohisika. Iliyochoka huachia papo hapo, na mara nyingi utasikia mlio mwembamba wa upepo.

Sasa fungua plagi, dondosha matone manne au matano ya mafuta mepesi ya mashine ndani ya silinda, zungusha propela mara kadhaa ukiwa umeiacha plagi nje ili mafuta yaenee na ziada itoke, kisha rudisha plagi na upime tena. Mafuta yakizidi yatajaza nafasi iliyo juu ya pistoni, na kimiminika hakishindiliki. Ukiipitisha kwa nguvu utapinda konrodi. Mgandamizo ukirudi kwa nguvu baada ya mafuta, uvujaji uko kati ya pistoni na slivu. Usipobadilika, iache pistoni kwa sasa na utazame juu.

Njia ya pili, ninayoipenda zaidi kwa sababu huona kwa macho badala ya kubahatisha, ni kupaka maji ya sabuni kwa brashi ndogo kuzunguka plagi, juu ya pini yake ya katikati, na kwenye mshono wa kichwa cha silinda na mwili wa injini. Shindilia taratibu ukitazama. Vijipovu vitatokea pale penye tundu. Kisha ondoa ekzosi, weka tone la mafuta mlangoni mwake, na ushindilie tena: mapovu yakichemka hapo, upepo unapita kando ya pistoni.

Plagi na kichwa cha silinda

Niliwahi kununua injini ya mtumba ya ukubwa wa 40, yaani sentimita za ujazo 6.5 hivi, ambayo propela yake ilizunguka kama feni. Nikafungua kichwa, nikachomoa slivu, nikakagua kuta zake kwa lenzi bila kuona mchubuko wowote, na kwa haraka yangu sikuweka alama kuonyesha upande wa mbele wa pistoni. Baada ya jioni nzima ya kupanga upya nilipaka maji ya sabuni, na povu likavimba pale chini ya plagi, mahali ambapo wosha nyembamba ya shaba ilitakiwa kuwepo lakini haikuwepo. Aliyeniuzia alikuwa amebadilisha plagi na kuisahau wosha kwenye ile ya zamani.

Plagi huvuja mahali pawili. Pa kwanza ni hapo kwenye wosha, ambayo ikishabanwa mara nyingi huwa bapa na ngumu. Pa pili ni ndani ya plagi yenyewe, kati ya pini ya katikati na mwili wake, mahali ambapo kizibo huchoka. Plagi ya namna hii inaweza kuwaka vizuri kabisa ukiipima kwa betri na bado ikapitisha upepo, kwa hiyo kuiona inang'aa hakutoshi. Weka plagi mpya kabla ya kufungua kitu kingine chochote. Kwenye injini ndogo za chapa ya Cox za inchi za ujazo 0.049, yaani sentimita za ujazo 0.8, koili na kichwa cha silinda ni kipande kimoja kinachokaa juu ya gasketi ya shaba, hivyo huko unabadilisha kichwa kizima pamoja na kukagua gasketi.

Skrubu za kichwa hulegea kwa kupata joto na kupoa mara kwa mara. Zikaze kwa kuvuka, moja kisha inayoikabili, robo mzunguko kila mara, ukitumia alenkii fupi ili mkono usizidishe nguvu, maana nyuzi za alumini ndani ya mwili wa injini huchanika upesi. Ukilazimika kukifungua kichwa, tazama gasketi nyembamba iliyo chini yake. Alama nyeusi inayokatiza upana wake kutoka ndani kwenda nje ndiyo njia ya gesi. Hesabu pia idadi ya gasketi: mmiliki aliyetangulia anaweza kuwa aliongeza ya pili kwa sababu alitumia mafuta yenye nitromethani nyingi, ambayo huhitaji uwiano mdogo wa mgandamizo. Hapo hakuna uvujaji wowote. Nafasi iliyo juu ya pistoni imekuwa kubwa tu, na ukitumia mafuta yenye nitromethani kidogo unabakiza gasketi moja kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoelekeza.

Pistoni, ringi na slivu

Kwenye injini ya ringi, chanzo cha kawaida cha upungufu ni ringi iliyoganda ndani ya mfereji wake. Mafuta ya nyonyo, ambayo hulinda injini vizuri sana joto linapozidi, yakiungua huacha utando wa kahawia kama vanishi, na utando huo huishika ringi isiweze kutanuka. Usiichokoe kwa ncha ya kisu. Ringi ya chuma cha kusubu huvunjika kama kigae. Loweka pistoni kwenye asetoni au kisafisha kaboni usiku kucha, uipashe moto kidogo, na uisukume ringi kwa kijiti cha mbao mpaka izunguke yenyewe. Nyingi za injini hizi zina kipini kidogo ndani ya mfereji kinachoizuia ringi isigeuke na kunasa kwenye matundu ya slivu, kwa hiyo unaporudisha pistoni hakikisha mwanya wa ringi umeketi juu ya kipini hicho. Ringi mpya haizibi vizuri siku ya kwanza. Iendeshe injini kwa mchanganyiko wenye mafuta mengi kwa matangi kadhaa kabla ya kuihukumu.

Kwa injini isiyo na ringi hakuna cha kurekebisha kwa msasa. Kuta zake zimechongwa kwa vipimo vya sehemu za elfu za milimita, na kila unapozisugua unazidisha pengo ulilotaka kuliziba. Pistoni na slivu hununuliwa kama jozi, kamwe si kimoja kimoja.

Kinachozimaliza mapema ni mambo mawili. La kwanza ni sindano ya kabureta, inayopima mafuta yanayoingia, iliyofungwa kupita kiasi, ili injini ipige makelele matamu ya kasi kubwa, hali mafuta ya kulainisha yanayofika kwenye slivu ni machache na joto linapanda. La pili ni vumbi. Wanaorukia kwenye viwanja vya murram wanalijua vumbi hilo jekundu linaloketi juu ya kila kitu, na injini za ndege za mfano kwa kawaida hazina kichujio cha hewa kwenye kabureta. Hatari kubwa zaidi huja ndege inapoanguka kwa pua: mwenyewe huiokota, na kwa mazoea huigeuza propela aone kama injini imekwama. Mchanga ulioingia kupitia kabureta au ekzosi huchora mistari ya wima kwenye slivu kwa mzunguko huo mmoja. Iache ilivyo mpaka ufike nyumbani, uioshe kwa nje, uifungue na kuisuuza ndani kwa mafuta ya taa ndipo uizungushe.

Mipigo minne, dizeli na uvujaji wa chini

Injini ya mipigo minne ina milango miwili ya ziada ya kuvujia, nayo ni valvu. Ukisikia upepo kwenye kabureta wakati wa kushindilia, valvu ya kuingiza haifungi. Ukiusikia kwenye ekzosi, ni ile ya kutolea. Pima kwanza nafasi ya valvu injini ikiwa baridi na pistoni ikiwa kileleni katika mpigo wa kushindilia. Kwa injini nyingi za ukubwa wa kawaida nafasi hiyo huwa kati ya milimita 0.04 na 0.10, lakini kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Nafasi ikiwa ndogo mno, valvu hubaki wazi kiasi. Ikiwa ni sahihi na upepo bado unapita, kaboni au kutu imeketi kwenye kiti cha valvu na inabidi kusafishwa.

Kwenye dizeli kuna pistoni ya pili ya juu inayosukumwa na skrubu ya kurekebishia mgandamizo. Kabla ya kutafuta uvujaji, hakikisha hakuna aliyeilegeza.

Uvujaji wa kwenye krankkesi, yaani sehemu ya chini ya injini inayobeba kranki, kwa upande mwingine, hauonekani katika jaribio la propela. Gasketi ya kifuniko cha nyuma ikiraruka, au ringi ya mpira chini ya kabureta ikikauka, mgandamizo wa juu utakuwa mzuri lakini injini itavuta mafuta vibaya na sindano haitatulia sehemu moja.

Jaribio la mwisho hufanyika uwanjani. Anzisha injini, iendeshe tangi moja, izime, uondoe klipu ya betri, kisha ushindilie propela kwa kijiti kinene chenye mpira wakati silinda bado ina moto. Injini ya pistoni isiyo na ringi inayowaka vizuri asubuhi ikiwa baridi, halafu ikakataa kuwaka tena mpaka ipoe kwa robo saa, huku plagi ni mpya na skrubu zimekazwa, ndiyo iliyolika kweli. Hiyo iagizie jozi mpya ya pistoni na slivu.