SOMO: Wiki mbili za kwanza chuoni Mtwara, fanya hivi

Vijana wanaofungua mwaka huu, karibuni. Somo hili ni la mambo yanayokwamisha watu kabla hata ya kipindi cha kwanza.

Hatua ya 1: Karatasi.
Beba vyeti halisi vya kidato cha nne na sita, cheti cha kuzaliwa, fomu ya afya yenye muhuri wa hospitali, picha ndogo nane na nakala tano za kila cheti zilizogongwa muhuri na wakili. Nakala gongesha nyumbani. Siku ya usajili foleni ya wakili huwa ndefu kuliko ya chuo.

Hatua ya 2: Malipo.
Ada, hosteli na bima kila moja ina kontrol namba yake (namba ya kulipia). Ukilipa ada kwa namba ya hosteli, mfumo utaendelea kukuhesabu unadaiwa, na kuhamisha hela hiyo ni barua na kusubiri. Soma jina la malipo linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri. Risiti ya wakala huchapwa kwa joto. Ikikaa mfukoni au juani maandishi yanafifia, na baada ya wiki chache unabaki na karatasi nyeupe. Itoe nakala siku hiyohiyo na upige picha.

Hatua ya 3: Sajili masomo kwenye mfumo.
Kulipa ada hakukusajili masomo. Usipochagua masomo yako, utafanya mtihani na matokeo hayataonekana. Ukimaliza, chapa ukurasa huo uutunze.

Hatua ya 4: Geto, kwa wanaokosa hosteli.
Nenda ukaone chumba saa nane mchana. Bati lisilo na dari, mwezi wa kumi na moja, hapasomeki. Fungua bomba uonje: visima vya karibu na bahari vingi vina chumvi, sabuni haitoi povu na utanunua ndoo kila siku. Kisha uliza Luku. Mita moja kwa vyumba sita, mkichanga sawasawa, wewe mwenye taa na chaja unamlipia mwenye jiko la umeme. Lipa miezi mitatu, si mwaka, na mkataba uandikwe. Chandarua ni lazima.

Hatua ya 5: Bumu (hela ya kujikimu ya wenye mkopo).
Awamu moja ni ya takribani siku 60. Mwenye 10,000 kwa siku hupata 600,000, na kuziona zote kwa pamoja ndiko kunakoponza. Toa kodi kwanza, nunua mchele, unga na maharage ya mwezi, inayobaki igawe kwa wiki. Usisahau kusaini, asiyesaini hela yake hurudishwa Bodi ya Mikopo.

MASWALI

Shikamooni wakubwa. Mzee anasubiri hela ya korosho, ada haijatimia. Nisubiri mnada?
– Marahaba mdogo wetu. Usisubiri. Minada huanza Oktoba na malipo huchukua siku kadhaa kufika kwenye akaunti ya mkulima. Dirisha la usajili halimngojei. Nenda na ulichonacho, uombe kulipa kwa awamu, na ubebe barua ya mzazi inayotaja tarehe anayotegemea kulipa. Ukichelewa usajili, unaweza kulazimika kuahirisha mwaka mzima.

Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahawa, cha form four Mwanaawa. Nitapita?
– Dada, kwa herufi iliyoruka, kiapo cha wakili mara nyingi kinatosha. Jina zima likiwa tofauti, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Anza leo, maana akaunti ya benki na jina la mkopo lazima vilingane.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 unakaa muda gani?
– Kwa mpishi mmoja, kama mwezi. Maharage ndiyo yanayoumaliza. Yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, kisha uchemshe ukiwa umefunika.