Kutumia Picha za Satelaiti Kuamua Urejeshaji wa Kidakio cha Maji Uanzie Wapi

Mwongozo huu unamfaa mtu ambaye tayari ameizoea QGIS, programu ya kutengeneza ramani kwenye kompyuta. Kidakio ni eneo ambalo maji yake yote ya mvua hutiririkia mkondo mmoja.

Hatua ya 1: Mpaka wa kidakio. Pakua data za miinuko zenye pikseli za mita 30, ziba mashimo bandia (makosa ya data, si mashimo halisi), kisha kokotoa mtiririko. Nukta ya kutokea maji ikae juu ya mkondo wenyewe; ikikosea kwa pikseli moja, utapata kidakio kisichozidi kiwanja cha mpira.

Hatua ya 2: Picha. Napendelea picha za satelaiti za Sentinel-2, ambazo bendi zake (tabaka za rangi) za nyekundu na infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho, zina pikseli za mita 10. Chagua mwisho wa kiangazi, nyasi za msimu zikiwa zimekauka, na ushike mwezi uleule kila mwaka.

Hatua ya 3: Fahirisi ya NDVI, yaani kipimo cha ukijani wa mimea. Fomula ni nyepesi: infraredi toa nyekundu, kisha gawanya kwa jumla ya zote mbili. Kinachopoteza muda ni kwamba, tangu tarehe 25 Januari 2022, thamani za Sentinel-2 hutolewa zikiwa zimeongezewa 1000, na nyongeza hiyo lazima iondolewe kwanza. Pikseli yenye nyekundu 500 na infraredi 2500 ina fahirisi ya 0.67, zikiachwa kuwa 1500 na 3500, fahirisi hushuka hadi 0.40, na msitu uliosimama utaonekana umefyekwa. Usitegemee tarehe ya picha peke yake, kwa kuwa picha za zamani zilizochakatwa upya nazo zina nyongeza hiyo, ilhali baadhi ya hifadhi za mtandaoni huiondoa zenyewe, na ukiitoa mara ya pili utaharibu hesabu kwa upande mwingine. Kagua thamani ya infraredi juu ya maji maangavu yenye kina: ikizunguka 1000 badala ya kukaribia sifuri, nyongeza bado imo.

Hatua ya 4: Uwandani. Satelaiti huona kijani, haioni aina ya mmea. Kichaka cha mmea vamizi hung'aa vizuri kwenye ramani huku udongo chini yake ukiwa mtupu na mvua ikiuchukua. Kwa hiyo tembelea maeneo ya kijani pia, si yale mekundu tu, yaani yenye fahirisi ndogo. Weka fremu ya mita moja ya mraba, ukadirie majani makavu, nyasi na udongo wazi, na uhesabu miche ya asili.

Hatua ya 5: Uamuzi. Penye visiki vinavyochipua, zuia mifugo na moto kwanza. Miche ya kitaluni naiacha kwa sehemu zisizo na chanzo cha mbegu karibu. Makorongo yashughulikiwe kuanzia juu, kwa sababu vizuizi vya mawe vilivyojengwa chini hujaa mchanga upesi iwapo mteremko ulio juu yake bado uko wazi.