Kabla Saa Hazijasogezwa: Kwa Anayeishi kwenye Saa za Kati za Marekani

Chicago, Dallas na Minneapolis hufuata Saa za Kati, na saa hizo husogezwa mara mbili kwa mwaka: mbele Jumapili ya pili ya Machi, nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwaka 2027 ni Machi 14 na Novemba 7. Ziandike tarehe hizo mapema. Aliyekulia Kisumu au Tanga, ambako jua halipishani sana na saa kumi na mbili mwaka mzima, hana mazoea ya jambo hili.

Saa husogezwa usiku wa manane. Machi, ikigonga saa nane inakuwa saa tisa papo hapo. Novemba, ikigonga saa nane inarudi saa saba, kwa hiyo usiku huo saa saba huja mara mbili.

Hapo ndipo ninapowasihi wanaofanya zamu za usiku, hasa wenzetu walio kwenye nyumba za kutunzia wazee. Zamu ya saa tano usiku hadi saa moja asubuhi ni ya saa 8. Usiku ule wa Machi inakuwa 7, na wa Novemba 9. Sheria ya shirikisho inataka mfanyakazi alipwe kwa saa alizofanya kweli, basi andika kwako ulipoingia na ulipotoka, ulinganishe na malipo. Kubwa zaidi ni dawa. Mzee aliyepewa kidonge saa saba na nusu usiku anaweza kupewa kingine saa moja baadaye, saa bado ikisoma saba na nusu. Kabla hujapokea zamu, muulize msimamizi dozi za saa hiyo zinaandikwaje ili ya kwanza isichanganywe na ya pili.

Nyumbani Afrika Mashariki saa haisogei. Tofauti yetu nao ni saa 9 wakati wa baridi, saa 8 wakati wa kiangazi. Kikao cha chama cha saa mbili usiku Nairobi, ulichozoea kukiingia saa tano asubuhi, baada ya Machi ni saa sita mchana. Mkiwa na ndugu London hesabu inazidi, maana Uingereza husubiri Jumapili ya mwisho ya Machi. Mimi naona kikao kitangazwe kwa saa za Nairobi, kila mmoja ahesabu kwake. Tena andikeni na tarakimu za simu: mtoto aliyezaliwa huku akisikia "saa mbili" anaelewa 2:00.

Simu hujirekebisha yenyewe, usiiguse. Saa ya ukutani na ya jiko ndizo za kusogeza kabla ya kulala. Muda ulioandikwa kwenye tiketi ya ndege ni wa mahali ilipo ndege, usiongeze wala kupunguza. Waislamu wachukue ratiba mpya ya swala, kwani Maghribi ya Jumapili hiyo itapishana na ya Jumamosi kwa saa nzima.

Watoto nao wanahitaji kuandaliwa. Chicago, baada ya saa kusogezwa Machi, jua huchomoza saa moja imekwisha pita, na wengine husubiri basi la shule gizani. Anza kuwalaza mapema siku tatu nne kabla, na uwatafutie koti lenye mkanda unaong'aa ili dereva awaone.