Namna ya kuandikiana na dalali kabla ya kwenda kutazama kiwanja

Anayetafuta kiwanja Unguja au Pemba kwa kawaida huanza kwa dalali, na mara nyingi huanza bila ya kuulizana naye lolote kuhusu ujira. Hupakiwa nyuma ya vespa, akafikishwa Tunguu, akaoneshwa mawe manne ya mipaka na mnazi mmoja, na suala la nani anamlipa dalali likazuka siku ambayo fedha zimeshahesabiwa. Mwongozo huu unahusu karatasi moja tu, ile inayopaswa kuandikwa kabla ya kuipanda vespa hiyo.

Marekani karatasi hiyo sasa ni sharti. Kufuatia mapatano ya kesi yaliyotangazwa Machi 2024, ambapo Chama cha Taifa cha Mawakala wa Nyumba cha nchi hiyo kilikubali kulipa dola milioni 418, wakala anayetumia orodha za pamoja za nyumba haruhusiwi tangu tarehe 17 Agosti 2024 kumtembeza mnunuzi ndani ya nyumba kabla ya kutiliana saini. Mkataba lazima utaje ujira kwa kiasi kinachojulikana, useme wazi kwamba ujira hujadiliwa wala haukupangwa na sheria, na umzuie wakala kupokea zaidi ya kiasi hicho kutoka kwa mtu yeyote. Kanuni hizo hazitufungi sisi, lakini sharti la mwisho ni kama limeandikwa kwa ajili yetu, kwa sababu linagusa kile tunachokiita cha juu, yaani fedha ambayo dalali huiongeza kimyakimya juu ya bei ya muuzaji.

Tuchukue mfano. Mwenye kiwanja anataka shilingi 20,000,000, dalali akakutajia 23,000,000, kisha akadai na asilimia 5 ya bei hiyo. Hapo atachukua 3,000,000 usizoziona na 1,150,000 unazoziona, ilhali muda wote ulidhani yuko upande wako. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza ni hili: bwana, katika shughuli hii wewe ni wa muuzaji au ni wangu? Akijibu kuwa ni wa wote wawili, jambo ambalo si nadra, basi usimtegemee katika kushusha bei. Mimi pia siipendi asilimia pale dalali anapomfanyia kazi mnunuzi, kwani kila bei inavyopanda ujira wake nao hupanda. Kiasi maalumu ni salama zaidi.

Maneno ya karatasi yanaweza kuwa mafupi: "Mimi, dalali, namtafutia mnunuzi kiwanja cha kujenga katika shehia tulizokubaliana, kwa muda wa miezi mitatu. Ujira wangu ni shilingi 1,000,000, na atakayenilipa ni mnunuzi. Sitopokea chochote kutoka kwa muuzaji wala kuongeza juu ya bei yake. Madalali wenzangu nitawalipa mwenyewe kutokana na ujira huu." Andikeni nakala mbili, mtie saini mbele ya mashahidi, na kila mmoja abaki na yake. Sentensi ya mwisho nimeiongeza baada ya kuumia: dalali wangu alimpigia mwenzake, mwenzake akaja na wa tatu aliyemjua mwenye kiwanja, na siku ya malipo nikawakuta watatu wamekaa barazani, kila mmoja akisubiri fungu lake kutoka kwangu.

Hata ukiwa na karatasi, sharti umwone muuzaji ana kwa ana, fedha ya kiwanja umkabidhi yeye mwenyewe, na bei iliyomo katika hati ya mauzo iwe ndiyo aliyoitamka kwa mdomo wake.

Wakati wa kulipa ujira nao uandikwe. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na kinachohama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi ni haki ya matumizi, ambayo uhaulishaji wake hupitia Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Dalali atakwambia kazi yake imekwisha pale mlipopeana mikono. Wewe mlipe sehemu ndogo hati ya mauzo inapotiwa saini, na iliyobaki kibali cha Bodi kinapotoka. Kiwanja kikiwa cha urithi, malipo yasubiri hadi warithi wote waridhie, na kwa shamba la Pemba yasubiri pia hadi ijulikane mikarafuu ni ya nani, kwa sababu mwenye miti na mwenye ardhi wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Mambo haya muulize sheha mwenyewe, usitosheke na jibu lililoletwa na dalali.

Fedha za mafuta ya vespa ni hesabu nyengine. Kubalianeni kiasi kwa kila safari, kilipwe siku hiyo hiyo, na iandikwe kama kitakatwa katika ujira au la.